Radi Haichagui Mtu: Kila Shamba Liwe na Mkoba wa Tahadhari

Wakulima wenzangu wa Kisii na Nyamira,

Mwezi huu sitaki kuandika habari za mbolea wala za bei ya majani ya chai. Habari hizo ni njema, na Bwana Shamba hutueleza mara kwa mara. Nataka kusema juu ya jambo ambalo sisi wa nchi hii ya milima tunalijua sana, lakini hatulizungumzi mpaka siku ya matanga. Jambo hilo ni radi.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, haifai mtu yeyote kuendelea kuchuna chai, kulima au kuchunga ng'ombe baada ya kusikia ngurumo. Pili, kila nyumba katika skimu iwe na mkoba mmoja wa tahadhari, uliotundikwa karibu na mlango. Tatu, kila kituo cha kununulia majani kiwe na watu wanaojua kumsaidia mtu aliyepigwa na radi. Mambo haya hayahitaji mali nyingi. Yahitaji maarifa na mapatano.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wa sehemu nyingine. Nchi yetu iko juu, na Ziwa Victoria liko karibu. Mchana jua likiwaka, upepo wenye unyevu hutoka ziwani na kupanda milima yetu, nao hukutana na upepo utokao mashariki. Hewa hiyo ya joto hupanda juu kwa nguvu na kufanya mawingu marefu meusi. Ndiyo sababu asubuhi huwa nzuri, tena saa nane au saa tisa mchana mbingu hufunga ghafula. Mvua hiyo ndiyo baraka ya chai na ndizi zetu. Lakini baraka hiyo huja na radi na mvua ya mawe, na huja saa ile ile ambayo watu wengi wako shambani.

Na sisi wa skimu za Borabu, upande wa Nyansiongo, Esise na Mekenene, tuna hatari ya ziada. Mashamba haya yalikatwa kutoka mashamba makubwa ya walowezi katika miaka ya 1960. Tuna malisho ya wazi, nyumba zimeachana, na mipaka mingi ina seng'enge. Mtu akishikwa na mvua katikati ya malisho, mara nyingi yeye ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo, au hukimbilia mkaratusi ambao ni mrefu zaidi. Yote mawili ni mabaya.

Sasa nitasema jambo ambalo linanitia haya. Miaka michache iliyopita, mchana mmoja wa mwezi wa Aprili, radi ilipiga karibu na mpaka wa shamba langu. Ng'ombe watatu wa jirani walikuwa wamesimama kando ya seng'enge, wakafa pale pale. Kijana aliyekuwa akiwachunga alianguka hatua chache kutoka hapo. Tulikimbia watu wanane au tisa. Tulipofika tulisimama. Mmoja alisema asiguswe, kwamba umeme ungali mwilini mwake. Mwingine alisema aitwe mzee wa kufanya mambo ya desturi kwanza. Mimi nimesoma, nami ni mzee wa kanisa, lakini nilisimama pamoja nao. Kijana alikuwa amelala kimya, wala kifua chake hakikupanda.

Aliyemwokoa ni mama mmoja mchuna chai, ambaye zamani alifunzwa huduma ya kwanza. Alitusukuma, akapiga magoti katika matope, akaanza kumkandamiza kifuani na kumpulizia pumzi mdomoni. Alipochoka alimfundisha kijana mwingine pale pale, wakapokezana. Baada ya muda yule mchungaji alikohoa. Leo anatembea, ingawa sikio moja halisikii vizuri. Kama mama yule angalikuwa upande mwingine wa kilima siku hiyo, sisi wanaume tisa tungalimzika kijana yule kwa sababu ya ujinga wetu.

Habari haikuishia hapo. Jioni ile watu walianza kunong'ona juu ya bibi kizee mmoja, ati yeye ndiye "aliyetuma" radi kwa sababu ya ugomvi wa mpaka. Wazee walinyamazisha maneno hayo upesi, namshukuru Mungu. Lakini sote tunajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Mwezi wa Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa moto katika Kisii kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa Marani kwa tuhuma kama hizo. Sisemi kwamba mambo hayo yalianza kwa radi. Nasema yalianza kwa ulimi, na kila radi ipigapo huupa ulimi kazi.

Kwa hiyo tujue radi ni nini. Ndani ya wingu kubwa, chembe za barafu na matone ya maji husuguana zikichukuliwa na upepo, na umeme hukusanyika. Umeme ukizidi hutafuta njia ya kufika chini, nao mara nyingi hupitia kitu kirefu kilicho peke yake: mti, nguzo, paa la kilimani, au mtu aliyesimama mahali pa wazi. Haujui jina la mtu, wala ukoo, wala kesi ya mpaka. Ukifika chini hausimami, bali hutambaa ardhini kuelekea pande zote. Huo utambaao ardhini ndio unaoumiza watu na wanyama wengi zaidi.

Hapo tunaona kwa nini ng'ombe hufa wengi kwa pamoja. Miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe imeachana sana, basi umeme wa ardhini hupanda mguu mmoja, hupita mwilini karibu na moyo, na kushukia mwingine. Agosti 2016, katika nchi ya Norway, wanyama 323 wa jamii ya kulungu walikutwa wamekufa pamoja kilimani baada ya radi. Walikuwa wamekusanyika karibu karibu kwa kuogopa mvua, kama ng'ombe wetu wafanyavyo. Hakuna aliyewaonea wivu wanyama wale.

Tena tusidhani kuwa jengo lolote ni kinga. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja wakiwa darasani. Machi 2018, siku ya Jumamosi, waumini wasiopungua 15 walikufa kanisani Nyaruguru, Rwanda. Novemba 2024 watu 14 walikufa katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini ya Uganda, walipokuwa wamekusanyika kwa sala. Watu hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wameingia mahali walipodhani ni salama.

Basi kila mkulima ajue mambo haya, na awafunze watoto wake.

1. Ukiona umeme, hesabu polepole moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa hukufika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, nayo yaweza kukufikia. Acha kazi. Ikiwa huwezi kuhesabu, sheria ni moja tu: ukisikia ngurumo, ondoka. Usingoje mvua, maana radi yaweza kutangulia mvua.

2. Mahali pazuri ni nyumba kubwa ya kudumu iliyotiwa nyaya za umeme na mabomba kwa kanuni, au ndani ya gari lenye paa na kuta za chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Matatu ni kinga njema. Ndani ya lori la majani, karibu na dereva, ni kinga njema. Nyuma ya lori mahali pa wazi si kinga.

3. Usisimame chini ya mti ulio peke yake. Usiegemee seng'enge wala nguzo. Ondoka juu ya kilima, ondoka mtoni na kwenye maji. Mkiwa wengi, msikusanyike. Achaneni hatua kumi au zaidi, ili ikipiga isiwaangushe wote, na wabaki wa kusaidia.

4. Ukishikwa mahali pa wazi kabisa, usilale chini. Endelea kwenda upesi mahali pa usalama. Ukihisi nywele zikisimama, chuchumaa, miguu pamoja, ufunike masikio. Hiyo si kinga, ni jaribio la mwisho tu.

5. Ndani ya nyumba usikae mlangoni wala barazani. Usiguse bomba, wala nyaya, wala redio au simu iliyochomekwa kwenye umeme. Usiegemee ukuta. Nyumba ya udongo yenye mabati haikingi sana, lakini ukiwa huna nyingine, kaa katikati yake.

6. Baada ya ngurumo ya mwisho, ngoja nusu saa nzima kabla ya kurudi shambani. Watu wengi hupigwa kwa sababu ya haraka, mvua ikiwa imepungua na jua limeanza kuonekana.

Kuna maneno mengi yasiyo ya kweli. Watu husema jembe na panga huvuta radi. Radi hufuata urefu zaidi kuliko chuma. Lakini jembe lililowekwa begani hukuzidishia urefu, basi liache chini. Husema viatu vya mpira hukinga. Havikingi. Husema kioo kifunikwe kwa shuka. Hakuna haja. Husema radi hairudii mahali. Hurudia, na mti mrefu wa kilimani waweza kupigwa mara nyingi.

Sasa habari za mkoba. Askari aendaye msituni huwa na mkoba wake, na mvuvi wa ziwani huwa na vyombo vyake vya kuokoa maisha. Kwa nini mkulima, ambaye maisha yake yote yako nje, asiwe na chochote? Mimi nimeshona wangu kwa gunia la nailoni. Ndani mna vitu hivi: filimbi, kwa kuwa sauti ya mtu hupotea katika mvua, tochi na betri zilizofungwa mbali, kiberiti ndani ya chupa ndogo iliyozibwa, kamba ya hatua ishirini, kisu, vitambaa safi vya kufunga jeraha, blanketi moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, karatasi kubwa ya nailoni, chupa ya maji, na magunia mawili matupu yenye nguvu. Juu ya kipande cha karatasi nimeandika namba 999 na 112 za msaada, namba ya kituo cha afya, na ya jirani mwenye gari. Vitu vingi katika hivi vimo nyumbani tayari. Shida ni kwamba siku ya shida kila kimoja huwa chumba chake.

Mtauliza magunia ni ya nini. Kata pembe mbili za chini za kila gunia, pitisha miti miwili mirefu ndani ya magunia yote mawili, nawe una machela. Watu wanne waweza kumchukua mgonjwa mpaka barabarani katika njia ya utelezi, bila ya kumkunja mgongoni. Jaribuni siku ya Jumapili mchana, vijana watafurahi. Kisha mtakuwa mmejifunza kabla ya kuhitaji. Blanketi kavu nalo lina kazi: mtu aliyelowa na kuumia hupoteza joto upesi katika baridi ya jioni ya huku kwetu. Mvue nguo zilizolowa, mfunike, weka nailoni juu na chini yake.

Mkoba huo hautumiki kwa radi tu. Hutumika mtoto akipotea jioni, mtu akianguka korongoni, au daraja la miti likichukuliwa na maji. Na mto ukifurika, usivuke. Kamba ni ya kumtupia aliyekwisha kuanguka, si ya kujaribu ushujaa.

Lakini chombo kikubwa kuliko vyote hakimo mkobani. Ni mikono yenye maarifa. Sikilizeni neno hili kwa makini: mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse mara moja, wala usiogope. Ikiwa radi bado yapiga karibu na mahali ni pa hatari sana, msogeze kwanza. Mtume mtu mmoja apige simu. Mtazame: je, anapumua? Kama hapumui, mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kishuke kama sentimita tano. Baada ya mara 30, mpulizie pumzi mbili, ukibana pua yake. Endelea hivyo, mkipokezana, mpaka apumue au mganga afike. Radi husimamisha moyo na pumzi. Mara nyingi moyo huanza tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa. Mtu huyo aonekanaye amekufa aweza kuwa hai nusu saa baadaye, kama mtu atampa pumzi.

Na wakiwa wameanguka wengi, waendee kwanza wale walio kimya. Katika ajali nyingine huwa twaanza na wanaolia. Kwa radi ni kinyume: anayelia anapumua, naye ataweza kungoja. Hesabu za Marekani zaonyesha kwamba katika watu kumi waliopigwa na radi, kama tisa huokoka. Basi tusikimbilie jembe la kaburi. Na kila aliyepigwa apelekwe hospitali, hata akisimama na kusema hana kitu, kwa sababu moyo, masikio na macho huweza kuumia bila ya alama nje.

Kwa upande wa mifugo, seng'enge ndefu huchukua umeme mbali sana. Katikati ya waya ndefu pigilieni vyuma vinavyofika chini kwenye udongo wenye unyevu, vifungwe na waya, kila hatua hamsini hivi. Wekeni mahali pa kukatisha waya, penye mlango wa mbao. Msiwaache ng'ombe wakae chini ya mti mmoja wa malishoni. Kama mti huo uko peke yake, zungusheni ua wasiufikie.

Majengo ya watu wengi ndiyo yanayonisumbua zaidi. Kituo cha kununulia majani huwa banda la mabati juu ya nguzo, bila kuta. Saa tisa mchana wachuna chai hamsini husongamana hapo na vikapu vyao, nao hudhani wamepona. Hawakupona. Kinga ya radi iliyotengenezwa vizuri ina sehemu tatu: chuma juu ya paa, waya mnene wa kushuka, na vyuma vilivyozikwa ardhini. Maarifa hayo yamejulikana tangu miaka ya 1750, katika siku za Benjamin Franklin wa Marekani. Kazi hiyo ifanywe na fundi aliyesomea umeme, maana kinga mbovu ni mbaya kuliko kukosa kinga. Na wale wanaoiba waya wa shaba katika shule wajue kwamba wanaiba maisha ya watoto.

Najua maneno yatakayosemwa. Mchuna chai atasema, "Mimi hulipwa kwa kilo; nikikaa nusu saa, ni nani atakayenilipa?" Neno hilo ni la haki, wala silidharau. Ndiyo sababu nasema mapatano yafanywe na kamati ya kituo, si na mtu mmoja mmoja. Kamati iseme: ngurumo ikisikika, kazi yasimama kwa wote, na saa ya kupima majani yasogezwa mbele siku hiyo. Hapo hakuna atakayepunjwa kwa kujilinda. Mwenye shamba naye asimkaripie mchungaji aliyeacha ng'ombe na kukimbia. Ng'ombe hununuliwa.

Mwingine atasema, "Kifo ni amri ya Mungu." Nami naamini hivyo. Lakini Mungu aliyeumba wingu ametupa pia masikio ya kusikia ngurumo, na ng'ombe wetu tunawaogesha dawa ya kupe bila ya kusema kwamba kupe ni amri ya Mungu.

Mwingine atasema gharama ya kinga ni kubwa. Kwa mtu mmoja ni kubwa. Kwa kituo chenye wakulima mia tatu, kila mmoja akitoa kidogo katika malipo ya mwezi, si kubwa. Tulichangia josho, tulichangia madarasa, tunachangia matanga kila wiki. Na tuchangie kabla ya matanga mara moja, tuone.

Shauri langu kwa mwezi huu ni hili. Katika mkutano ujao wa kituo chenu cha majani, kabla ya maneno ya bei, ombeni dakika kumi. Chagueni watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, waende kwa mganga wa kituo cha afya au kwa watu wa Msalaba Mwekundu wafunzwe kukandamiza kifua na kutoa pumzi. Wakirudi wawafunze wengine. Kisha kila mtu aende nyumbani akashone mkoba.

Mimi nilikwisha kwenda kufunzwa. Aliyenipeleka ni yule mama mchuna chai, na siku ya kwanza alinicheka kwa sababu magoti yangu yalikataa kukunjika. Nilimwambia anicheke tu. Nilikuwa nimesimama mara moja nikitazama mtoto wa jirani akifa, na sitaki kusimama tena.